Neno la Siri la Fundi Vitasa

Baba yangu ni fundi vitasa, na sijui kama yupo mtu anayechukia kuvunja mlango kuliko yeye. Mtu atakuja mbio, amefungiwa nje, sufuria iko motoni, na baba atapiga magoti mbele ya tundu la ufunguo, aingize vijiti vyake viwili na kuanza kunong'ona kana kwamba anambembeleza mtoto anywe dawa. Mlango utafunguka. Kwa hiyo Jumamosi ile mama aliponipigia simu na kuniambia baba yako amefungiwa nje, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Nje ya wapi?"

"Nje ya kompyuta," mama akasema. "Na ukome kucheka. Siku ya tatu leo hali chakula kikaisha. Njoo umtoe huko alikojifungia."

Hapo kicheko kikanikauka. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi moja ya bima. Wiki nzima nashinda nikiwafungulia watu wazima waliosahau maneno ya siri waliyoyatunga kwa akili zao timamu, na kila mmoja ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia. Jumamosi ni siku yangu ya kununa na kufua. Lakini baba ni baba. Nikaziacha nguo kwenye beseni zilowe, nikaenda.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ukutani kuna ubao uliojaa misumari, na kila msumari una ufunguo. Chini yake kuna meza ya kazi yenye jiliwa la kubania vyuma na tupa za kila namna, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo mama amepigana nayo tangu aolewe na bado hajaishinda. Kwenye kona, mbali na vumbi la shaba, kuna meza ndogo ya kompyuta. Mama anaiita kompyuta ile "mke mdogo". Akipita kufagia huisalimia: "Hujambo, mke mwenzangu? Mume wetu amekula?"

Baba alikuwa ameketi mbele ya huyo mke mdogo, ameshika tama. Alikuwa amekonda. Wiki iliyotangulia alilala na homa kali, na hata shati lake lilionekana kama la kuazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nani kakuita?" Akamtupia mama jicho mlangoni. "Mtoto ana kazi zake, unamsumbua kwa mambo ya michezo."

"Michezo!" mama akasema. "Mwambie huo mchezo unaokulaza macho wazi."

Baba akaniambia, kwa kuzungukazunguka kwanza, kisha moja kwa moja. Kwa miaka baba amekuwa akicheza drafti kwenye tovuti moja na mtu asiyewahi kumwona. Huko kila mtu ana jina la kujipachika. Baba anajiita Kitasa. Mwenzake anajiita Polepole, na kweli ni mtu wa polepole: huweza kufikiria kete moja tangu asubuhi hadi jioni. Chini ya ubao wa mchezo pana nafasi ya kuandikiana, na hapo ndipo urafiki wao ulipo. Wanataniana na kutukanana kistaarabu, halafu wanaulizana habari za magoti na za wake zao. Hawana namba za simu. Hawajui hata sura. Baba anajua tu kwamba Polepole alikuwa dereva wa treni, kwamba mkewe alishafariki, na kwamba anaishi na binti yake.

"Na Jumatatu asubuhi anapasuliwa moyo," baba akasema.

Nikakaa kwenye kigoda.

"Aliniambia kabla sijaugua. Anaogopa. Hakusema anaogopa, lakini aliniuliza mara mbili kama namfahamu mtu yeyote aliyepasuliwa akapona. Nikamwambia ngoja nikumbuke nitakujibu. Halafu homa ikaniangusha." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Na kibaya zaidi, mchezo ulikuwa zamu yangu, na nilikuwa naliwa. Nilikuwa nimebanwa kila upande. Mwenzangu ataelewaje kimya changu? Atasema Kitasa kaona anashindwa, kakimbia. Mtu anaingia chumba cha upasuaji akiamini rafiki yake kamtoroka kwa sababu ya kete mbili."

Mama akajifanya anapangusa mlango.

"Haya," nikasema, "sogea."

Kompyuta ikawaka na kufunguka yenyewe, bila kuuliza neno la siri lolote. Nikashtuka, maana baba hakuwahi kuiacha wazi hata anapokwenda kunawa. Nikaenda kwenye kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, nikafungua tovuti ya drafti. Visanduku viwili vitupu vikanitazama. Mahali ambapo kivinjari kingepaswa kujaza jina na neno la siri chenyewe, kama kilivyofanya kwa miaka, palikuwa peupe. Nikaingia sehemu kinapohifadhi maneno ya siri. Orodha ya tovuti ilikuwepo, lakini kila nilipobofya ili nione neno lenyewe, hakuna lililotoka.

"Baba," nikasema taratibu, na mimi nikisema taratibu watu wa nyumbani huanza kutafuta pa kukaa, "nani ameigusa hii kompyuta?"

Baba akamtazama mama.

"Fundi Flashi," mama akasema.

Fundi Flashi ni kijana wa kibanda cha kona. Anauza chaja, anabandika vioo vya simu, na tatizo lolote la kompyuta dawa yake ni moja: kufuta. Nikahisi masikio yanapata moto.

"Baba, mimi nipo. Hii ndiyo kazi inayonilisha. Unamwita Flashi?"

"Sikutaka kukusumbua," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na sikutaka unifokee."

"Sifoki!"

"Hapana, hufoki," mama akasema. "Jirani wa tatu ndiye anayefoka."

Ikabainika hivi. Baba alipoinuka kitandani na kurudi kwenye kompyuta, neno la siri la kuifungulia lilikuwa limemtoka kichwani kabisa. Akajaribu na kujaribu. Mwishowe akafanya kile ambacho amewashauri wateja wake maisha yake yote: ufunguo ukipotea, usiutafute kwa hasira, badilisha kitasa. Akamwita Flashi akamwambia abadilishe kitasa. Flashi akaliondoa neno la zamani kwa nguvu, akaiacha kompyuta wazi, akapokea chake na kwenda zake akipiga mluzi.

"Sasa kosa liko wapi?" baba akauliza. "Mlango nikiubadilishia kitasa, vyombo vya ndani vinabaki palepale. Kabati halihami."

Nikavuta pumzi. "Kwenye nyumba, sawa. Lakini kivinjari hakiweki maneno yako ya siri ndani ya chumba tu. Kinayafunga moja moja, na kinayafunga kwa neno lile lile la kufungulia kompyuta. Flashi alipoling'oa kwa nguvu, vitu vyako vyote vilibaki vimefungwa kwa ufunguo ambao haupo tena."

Baba akanikodolea macho. Akageuka akaitazama kompyuta, akanigeukia tena.

"Nilimwambia abadilishe kitasa," akasema. "Sikumwambia achome nyumba."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Badala yake nikachomeka diski ya pembeni na kunakili kila kilichokuwemo, ili hata nikiharibu, niharibu nakala. Kisha nikajaribu njia za kawaida. Tovuti ya drafti ilikuwa tayari kumtumia baba neno jipya la siri kwa barua pepe, lakini anwani aliyojiandikisha nayo ilikuwa ya kiwanda cha makufuli alichofanyia kazi zamani, kiwanda kilichofungwa hadi lango likaota nyasi. Nikawaandikia wenye tovuti. Jibu likarudi papo hapo, lile la mashine: ombi lako tumelipokea, tutakujibu ndani ya siku saba za kazi. Nikafungua akaunti mpya ili nimwandikie Polepole mwenyewe. Tovuti ikanijibu kwamba mchezaji huyu hapokei ujumbe kutoka kwa wageni.

"Ni mimi," baba akasema, ameinamisha kichwa. "Nilimshauri mimi afunge. Kulikuwa na matapeli wanamsumbua. Nikamfundisha hatua kwa hatua."

"Hongera, baba. Kazi safi. Hakuna anayeingia."

Akacheka bila kupenda, na mimi nikacheka, na mama akatuambia tumerukwa na akili wote wawili. Lakini Jumatatu ilikuwa palepale.

Ikabaki njia moja. Kama ningelipata lile neno la zamani la kompyuta na kulirudisha mahali pake, kivinjari kingeutambua ufunguo wake na kufungua kila kitu. Nikamweleza baba. Nikamwambia ajitulize, afumbe macho, akumbuke.

"Sikumbuki."

"Lilikuwa jina? Tarehe?"

"Namba sita."

"Namba za nini?"

Hapo akaanza kupanga tupa zake, ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Ninamfahamu baba yangu. Mtu akisahau, macho yake huzunguka yakitafuta. Yake yalikuwa yamekwama mezani.

"Baba, mtu anapasuliwa Jumatatu."

"Sema," mama akamwambia. "Au niseme mimi?"

Baba akaweka tupa chini. "Zilikuwa namba za ufunguo," akasema.

Nieleze kidogo. Kila jino la ufunguo lina kina chake, na mafundi vitasa wameyapa yale meno namba, kuanzia lililochongwa kidogo hadi lililochongwa sana. Baba akiutazama ufunguo wako mkononi, tayari ameshausoma, kama wewe unavyosoma bango barabarani. Alituona tukitunga maneno ya siri na kuyasahau, akaona sisi ni wajinga. Yeye alitundika ufunguo mmoja kwenye msumari juu ya kompyuta, na kila asubuhi alikuwa anautazama na kuandika meno yake. Nani angejua? Mwizi angeingia akaiba hata meza, asijue kwamba neno la siri linaning'inia mbele ya pua yake.

Nikatazama juu ya kompyuta. Msumari ulikuwa mtupu.

"Uko wapi sasa?"

"Ulichukuliwa," baba akasema.

"Na nani?"

"Na wewe," mama akasema.

Nikawatazama. Mama akakaa kwenye ukingo wa meza ya kazi, jambo asilolifanya kamwe kwa sababu ya mafuta. "Ulikuwa ufunguo wa akiba wa kile chumba chako cha kwanza," akasema. "Ule uliotuachia ulipohama hapa. Ulipohamia unakokaa sasa ukaja kuuomba, umrudishie mama mwenye nyumba. Mimi ndiye niliyeutungua nikakupa. Nitajuaje kama baba yako ameufanya kalenda? Yeye alikuwa bafuni, na alipotoka hakusema neno."

"Vidole vilikuwa vimeshazoea," baba akasema. "Niliona haina haja. Ni hii homa ndiyo iliyovifuta."

"Lakini kwa nini wangu?" nikauliza. "Ubao mzima una funguo. Kwa nini ule?"

Baba si mtu wa maneno matamu. Siku nilipohitimu alinipa bisibisi. Akajikuna kidevu, akatazama kila kitu isipokuwa mimi.

"Ulipoondoka nyumba ilipooza," akasema. "Nikaona kila asubuhi niufungue mlango wako kidogo. Nikuchungulie kama umeamka salama, halafu niendelee na shughuli zangu. Basi. Hakuna zaidi."

Miaka yote ile, kabla hajanywa chai, baba yangu alikuwa akipita mlangoni kwangu, na mimi kumpigia simu naona uvivu. Nilimpenda sana wakati ule, na kwa kuwa sikujua la kufanya na upendo wote huo, nikamfokea. Nikamwambia ningependa kuambiwa mambo kama haya kabla watu hawajaita mafundi wa mitaani. Akaitikia kwa kichwa, ametulia, kama anayesikiliza redio.

"Si ungeandika hizo namba mahali?"

Hapo yeye ndiye aliyekasirika. "Siandiki namba za ufunguo wa mtu, hata wa mwanangu. Nikiandika mimi si fundi tena, ni mwizi ambaye hajaanza kazi."

Jumapili asubuhi tukaenda, mimi na baba, kwenye nyumba yangu ya zamani. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa shangwe na kwa madai. Alinikumbusha tundu la msumari nililoacha ukutani. Akatukalisha, akatuletea chai, akamweleza baba jinsi nilivyokuwa naburuta viti. Nilipomuuliza kuhusu funguo, akatikisa kichwa. Mpangaji mpya alitaka kitasa kipya, na funguo za zamani wajukuu walizichezea hadi zikaishia wanakojua wao.

Nikakata tamaa palepale. Baba hakukata.

"Na kitasa chenyewe cha zamani, shemeji?"

"Kitasa?" Akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Mimi situpi kitu."

Na kweli hatupi. Alivuta droo ya jikoni iliyojaa betri zilizokufa, balbu zilizoungua, vifuniko visivyo na chupa, na kutoka chini kabisa akachomoa kitasa changu. Kilikuwa na kutu pembeni. Baba akakipokea kwa mikono miwili. Njiani kurudi alikuwa anatembea mbele yangu, yeye aliyekuwa mgonjwa.

"Kitatusaidia nini bila ufunguo?" nikamuuliza nikihema.

"Mwanangu, umeishi na mimi miaka yote hukunisikiliza hata siku moja." Alisema bila uchungu, akifurahi kabisa. "Ndani ya kitasa kuna vijiti vidogo vya shaba, kila kimoja kimekatwa kulingana na jino lake. Ufunguo ukipotea, kitasa kinabaki kinaujua."

Mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kazi. Baba akakibana kitasa kwenye jiliwa, akavaa miwani, akanyoosha mkono, na mkono ukatetemeka. Homa ilikuwa bado imemwachia mitetemo. Vijiti vile ni vidogo kama punje za mchele, na nyuma ya kila kimoja kuna springi. Kimoja kikiruka, mpangilio umepotea na namba zimepotea nao. Akajaribu tena. Mkono ukakataa.

Akavua miwani akanipa.

"Fanya wewe."

Tangu nikiwa msichana alitaka nijifunze kazi yake, na mimi nikasema vyuma vinachafua kucha. Sasa nikaketi kwenye kigoda chake, na yeye akasimama nyuma yangu, kiganja chake begani kwangu, akaanza kunong'ona.

"Taratibu. Usikivute, kisukume. Kitakuja chenyewe. Usishike pumzi, ukishika pumzi vidole vinakakamaa. Ndiyo hivyo. Ndiyo hivyo, mama. Kipokee."

Kijiti cha kwanza kikateleza kwenye koleo yangu ndogo, nikakilaza kwenye kitambaa. Kisha cha pili. Mama alisimama ng'ambo ya meza amejiziba mdomo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukaa kimya muda mrefu namna ile. Kilipotoka cha mwisho jasho lilikuwa linanitiririka shingoni, na baba akanipiga begani.

"Una mkono," akasema. "Una mkono mzuri kabisa, na umeupoteza kwenye bima."

Tukavipima kimoja kimoja kwa kipimo chake, yeye akininong'oneza namba sikioni, maana hata mbele ya mama hakutaka kuitaja kwa sauti. Cha nne kikatusumbua. Kilikuwa kimelika juu, kikaangukia katikati ya namba mbili.

"Kimeliwa na nini?" nikauliza.

"Na wewe kuingia na kutoka. Ulikuwa mzururaji."

Tukaanza na namba ndogo. Nikairudisha kama neno la siri la kompyuta, nikaizima, nikaiwasha, nikaandika, nikafungua kivinjari. Peupe. Nikabadilisha ile ya nne, nikaweka kubwa yake. Nikazima. Nikawasha. Nikafungua tovuti ya drafti, na kabla sijagusa chochote, kisanduku cha juu kikajaa jina Kitasa, na cha chini kikajaa vitone vyeusi.

Mama ndiye aliyepiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeshamkumbatia baba kiunoni, palepale nilipoketi.

"Bofya," akasema. "Bofya, bofya, kisije kikajifunga!"

Ubao ukafunguka, kete zikiwa vilevile alivyoziacha, na chini yake ujumbe wa Polepole, mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa hawezi kusoma, miwani imejaa ukungu, nikamsomea.

"Kitasa, zamu yako. Nakuona unavyojikuna."

"Kitasa, hata ukilala nayo, utaliwa tu."

"Uko salama, ndugu yangu?"

"Leo tovuti imeniambia naweza kudai ushindi kwa kuwa umenyamaza. Nimeiambia ikome. Wewe si mtu wa kukimbia. Kama umenyamaza, una shida, na mimi sina pa kukuulizia."

Na wa mwisho, wa asubuhi ileile: "Nakwenda kulazwa leo jioni. Binti yangu atabeba simu. Nikikukosa, ujue nilicheza na wewe kwa raha sana."

Baba alivuta kiti, akanisukuma pembeni, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Nilitaka kumsaidia akanipiga mkono. Aliandika kwamba alikuwa na homa na kwamba alifungiwa nje, ataeleza baadaye, ni aibu. Aliandika kwamba ndiyo, anamfahamu mtu aliyepasuliwa moyo akapona, shemeji yake, na sasa anakula kuliko watu wote mezani. Ilikuwa kweli, mama alithibitisha. Kisha akatazama ubao. Alikuwa na kete moja tu ya kusogeza, na akiisogeza Polepole angemla mbili mfululizo na mchezo kwisha. Akaisogeza.

Tulikaa tukitazama. Jioni jibu likaja.

"Mzee wewe! Nimekaa kitandani nimevaa gauni la hospitali nalia kama mtoto. Naiona hiyo. Siili leo. Nitaila nikitoka."

"Iko hapa," baba akaandika. "Haiendi popote."

Jumatatu sikwenda kazini. Nilisema naumwa, na sikuona aibu. Baba hakuchonga hata ufunguo mmoja. Wateja walikuja wakaambiwa warudi. Mama alimletea chakula pale pale kwenye kompyuta, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, na safari hii hakumsalimia mke mwenza wala hakutania. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Kete ya baba ilikuwa palepale katikati ya ubao, na mimi niliitazama hadi macho yakaniwasha, nikiomba iliwe.

Jumanne asubuhi nikakuta baba ameshakaa. Hakuwa amenawa uso. Nikamwekea chai, nikaketi kando yake, tukatazama pamoja, na tukiwa tunatazama, kete nyeusi ya Polepole ikainuka. Ikaruka ya kwanza. Ikaruka ya pili. Ubao ukaandika kwamba Kitasa ameshindwa.

Baba akasimama hadi kiti kikaanguka. "Amenila!" akamwita mama. "Mama watoto, njoo uone, amenila zote mbili!" Sijawahi kumwona mtu akifurahia kushindwa namna ile. Mama akaja mbio na ufagio mkononi, wakashikana, wakawa wanayumba pamoja katikati ya tupa na makufuli.

Chini ya ubao maandishi yakatokea. "Shikamoo mzee. Mimi ni binti yake. Ametoka salama jana, leo ameamka vizuri. Kabla hajaomba maji ameuliza zamu ni ya nani. Mkono bado hauna nguvu, ameninong'oneza niguse wapi, ndiyo mimi nimecheza. Anasema pole."

Baba alikaa chini. Akajaribu kuandika, vidole vikawa vinagonga ovyo, akanisogezea kibodi.

"Niandikie."

Nikaandika: "Hapa pia ni binti. Baba yangu ameiona. Anataka mchezo mwingine, na safari hii yeye ndiye aanze."

"Usimwambie nalia," baba akasema.

Nikamwambia.